SOMO LA AFYA YA JAMII: JERAHA LA NAFSI NA MILA ZETU



Mtu aliyenusurika katika ajali, moto, mafuriko au ukatili hurudi nyumbani, na majirani humwambia: "Mshukuru Mungu, umepona." Lakini usiku hushtuka usingizini. Mchana huikwepa njia aliyopita siku ile, huona tena yaliyotokea kana kwamba yanatokea sasa, na hukasirishwa na jambo dogo. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Hali hii huitwa kiwewe. Si uoga, si laana wala si upungufu wa imani. Ni jeraha, nalo hutibika.

Katika somo hili tutaona kwamba tiba ya jeraha hilo huanza vyema pale inapoheshimu lugha na desturi za aliyeumia. Tutaona pia kwamba zipo desturi ambazo, zikiachwa bila kuhojiwa, hulizidisha.

Tuanze na maneno ya mgonjwa

Ni wachache watakaofika zahanati na kusema, "Nina kiwewe." Wengi husema moyo unakwenda mbio, kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu, au "nina mawazo". Msikilizaji mwema huyapokea maneno hayo kama yalivyo, kisha huuliza yalianza lini na baada ya tukio gani.

Mfano mzuri unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaani. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imebomoa makazi ya watu wengi mijini. Akina bibi walifunzwa kuwasikiliza wenye dhiki wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi hilo liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa kwa kuogopa kuitwa vichaa. Akina bibi wenyewe wakashauri liitwe mahali pa kukaa na kupeana mawazo. Ugonjwa nao wakautaja kwa neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi.

Matokeo ya utafiti kuhusu huduma hiyo, uliohusisha watu 573, yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliohudumiwa na akina bibi, 14 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida ya zahanati, idadi hiyo ilikuwa 50. Penye wazee hapaharibiki neno, hasa wazee hao wakiwa wamefunzwa kusikiliza.

Desturi zinazosaidia

Matanga, dua, ibada ya faraja na arobaini humwepusha mfiwa na upweke, humpa ruhusa ya kulia na humwekea hatua za kurudi kazini. Tusiharakishe kuanua matanga kwa kuona aibu ya gharama; uji na mkeka vinatosha. Maafa makubwa yanaweza kuondoka na nyumba yenyewe ya kukalia msiba. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Likitokea jambo kama hilo, wazee na viongozi wa dini wapange mapema mahali pa kukusanyikia, na namna ya kumuaga ambaye mwili wake haukupatikana.

Anayemwamini mganga wa tiba asili asidhihakiwe, bali ashauriwe kufika pia kituo cha afya. Hata hivyo, kumfunga mtu kamba, kumpiga au kumnyima chakula si tiba kwa mila yoyote.

Desturi zinazoumiza

Ya kwanza ni kauli ya "jikaze, mwanamume halii". Ya pili ni kumlazimisha mtu asimulie tukio mbele ya kila mgeni. Asimulie anapotaka, kwa amtakaye. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kumaliza kesi ya ubakaji kwa faini ya mifugo baina ya familia. Aliyebakwa huachwa akikutana na mkosaji kisimani kila siku, na jeraha lake halipati nafasi ya kufunga. Mtu huyo afikishwe kituo cha afya mara moja, na kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, piga simu namba 116.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Wengi hupata nafuu katika wiki za mwanzo wakiwa miongoni mwa watu wao. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kulala, kula na kufanya kazi, afike zahanati, au aonane na afisa ustawi wa jamii kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Pombe na vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani haviponyi. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

1. Ni maneno gani watu wa kwetu hutumia kueleza maumivu ya nafsi?
2. Ni mzee gani, mwanamke au mwanamume, ambaye watu humweleza siri zao bila hofu? Je, yuko tayari kufunzwa?
3. Ni desturi ipi ya kwetu humnyamazisha aliyeumizwa, na nani ataanza kuikataa?