Kivumbasi cha Nyumbani: Namna ya Kukiotesha kwa Mbegu

Kwa kuwa kivumbasi huota chenyewe kando ya njia na kwenye rweya (nyanda za majani), wengi huona hakuna haja ya kukipanda. Wakikihitaji kwa chai au kufukuza mbu hutoka na kisu, na mara nyingi shina zima hung'oka na mizizi yake. Mmea unaong'olewa kabla ya kuzaa mbegu hauachi kizazi. Kaya ya Ihanda, wilayani Karagwe, yenye hatua chache za ardhi inaweza kuotesha chake na kukivuna kwa miaka kadhaa.

Kupata mbegu

Chagua shina lenye afya na harufu kali. Subiri mashada ya maua yageuke rangi ya kahawia, uyakate umande ukishakauka. Yaanike kivulini siku chache, yasugue kwa viganja kisha upete. Mbegu ni ndogo sana. Zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu.

Wakati wa kusia

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zina misimu miwili ya mvua. Miche huhitaji wiki tano hivi au zaidi kitaluni, kwa hiyo sia katikati ya Agosti ili upandikize mvua za vuli zikishashika, au mwishoni mwa Januari kwa ajili ya masika.

Kitalu

Ndoo iliyotobolewa chini au sanduku la mbao linatosha. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga, kisha uchekeche. Usiiruke mboji: vipimo vya utafiti uliofanyika Karagwe kwa kushirikiana na shirika la MAVUNO vilikuta udongo wenye tindikali na fosforasi haba, na mboji iliusaidia kuzalisha zaidi.

Kosa linaloua mbegu nyingi ni kuzifukia kama mahindi. Mbegu ya kivumbasi hupenda mwanga ili iote, na akiba yake ya chakula ni ndogo mno kuisukuma kupitia tabaka nene la udongo. Lowesha kitalu kwanza, changanya mbegu na mchanga mkavu, zinyunyize juu, kisha uzikandamize taratibu kwa kiganja. Basi, usiongeze udongo.

Usimwagilie kwa kopo, maji yatazikusanya mbegu pembeni. Weka ndoo ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo uyanyonye kutoka chini, kisha uitoe. Mbegu huanza kuchipua kati ya wiki moja na mbili, na baridi huzichelewesha. Miche ikisongamana na kitalu kikibaki chepechepe, kinyausi huingia: shina huoza usawa wa udongo na mche huanguka. Punguza miche mapema, mwagilia asubuhi tu.

Kupandikiza

Hamisha miche ikiwa na majani sita au zaidi, jioni au siku ya mawingu. Acha nusu mita au zaidi kati ya shina na shina. Usiipande chini ya migomba: kibanja (shamba la migomba) kina rutuba, lakini kivuli chake hufanya kivumbasi kirefuke na kukosa harufu. Pembeni mwa kibanja, penye jua na pasipotuama maji, ndipo mahali pake. Mmea ukifika urefu wa sentimita 20, kata ncha ili utoe matawi.

Kuvuna na kutumia

Vuna matawi kabla ya maua kufunguka, ukiacha shina lenye majani ili lichipue tena. Kausha kivulini. Acha mmea mmoja uchanue: nyuki watapata chakula nawe mbegu.

Aina nyingi za kivumbasi zina yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake, kwa hiyo dozi kubwa si salama kwa sababu tu ni majani. Mjamzito amuulize mhudumu wa afya kabla ya kunywa chai yake. Kuhusu mbu, majaribio ya magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kuwa mimea ya jamii hii hupunguza mbu ndani ya nyumba, lakini haiwamalizi. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikipanda nenda zahanati ukapimwe malaria siku hiyohiyo.