Elimu ya Ufundi: Kupima Dayodi za Alternata kwa Usalama

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu gari la parokia hufanya kazi nyingi. Hubeba mbegu, saruji na wagonjwa. Gari likikataa kuwaka usiku, mama mjamzito anaweza kuchelewa kufika Hospitali ya Kabanga. Mara nyingi tunanunua betri mpya, kumbe mbovu ni dayodi.

Dayodi ni nini? Alternata huzalisha umeme unaobadili mwelekeo, lakini betri huhitaji umeme wa mwelekeo mmoja. Alternata nyingi zina dayodi kuu sita za kufanya kazi hiyo. Dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Ikiungua na kubaki wazi pande zote, umeme wa betri hurudi kwenye alternata usiku kucha.

Dalili: betri huisha gari likiwa limelala, alternata huwa na joto asubuhi kabla ya kuwasha injini, au taa ya betri hufifia bila kuzimika.

Hatua za kupima:
1. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Vua pete na saa. Usivute sigara, betri hutoa gesi inayolipuka.
2. Fungua kwanza waya hasi wa betri. Wakati wa kurudisha, ufungwe wa mwisho.
3. Fungua alternata, kisha tenganisha nyaya za koili na dayodi.
4. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Gusa ncha zote mbili za dayodi, kisha geuza nyaya za mita.
5. Dayodi nzima husoma volti 0.4 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haipitishi. Ikipitisha pande zote, au isipopitisha kabisa, ni mbovu.

Onyo: baadhi ya mafundi huchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kupima chaji. Msikubali. Volti hupanda ghafla na kuua dayodi nzima. Pimeni kwa mita kwenye betri: injini ikizimwa, takriban volti 12.6, ikiunguruma, 13.8 hadi 14.5.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Je, dereva wetu ana mita na anajua kuitumia?
- Betri ya mwisho tuliibadilisha lini, na je, alternata ilipimwa kwanza?