Sheria za Usalama Ngomani: Nani Huzitunga?

Watu wengi hudhani ya kuwa sheria hutoka Dodoma tu, kama mvua itokavyo mawinguni, na kazi ya raia ni kulowa. Sivyo. Nataka kueleza jinsi raia na watunga sheria wawezavyo kushirikiana, na mfano wangu ni usalama wa watu mahali pa ngoma na muziki.

Tarehe 1 Oktoba, 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto walikusanyika katika ukumbi mmoja mjini Tabora kucheza disko. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikawa haba, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa. Tangu hapo, mara nyingi sikukuu zikaribiapo, polisi wa mikoa mbalimbali hupiga marufuku "disko toto". Amri hiyo ni njema, lakini mimi naona haitoshi, maana inamtazama mchezaji wala haihesabu milango. Tarehe 1 Februari, 2020, huko Moshi, watu 20 walikufa uwanjani wakikimbilia mafuta ya upako. Hao hawakuwa dansani; walikuwa katika ibada. Kilichoua pote pawili ni kimoja, watu wengi kusukumana mahali padogo.

Sheria kubwa hupita Bungeni. Mswada ukiisha kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa Kamati, nayo huweza kuwaita raia watoe maoni. Ndivyo ilivyo hata kwa sheria kama ile ya 2007 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo askari wake wana mamlaka ya kukagua majengo. Lakini kutoka Murusagamba mpaka Dodoma ni mbali, na nauli si ya mchezo.

Iliyo karibu nasi ni sheria ndogo. Kwa Sheria Na. 7 ya 1982, Halmashauri ya Kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo haina budi kulileta pendekezo lake mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, watu waseme. Kisha huipitisha na kuipeleka kwa Halmashauri ya Wilaya, kwetu ni Ngara. Isipokubaliwa huko haina nguvu. Hapo ndipo Diwani afaapo, maana yeye huketi katika baraza hilo.

Basi katika mkutano huo mkulima yeyote aweza kusimama akasema: ukumbi wenye mlango mmoja usiuze tiketi, milango ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli watu wakiwa ndani, idadi ya watu iandikwe ukutani. Maneno machache, lakini yakiisha kuwa sheria, mwenye ukumbi ayavunjaye hutozwa faini.

Jambo moja lanisumbua. Mkutano Mkuu ni wa wenye miaka 18 na zaidi, nami nina 17. Wale watoto wa Tabora nao wasingaliweza kuhesabiwa humo. Kwa hiyo mwanafunzi autakaye mlango wa pili na amweleze baba au mama yake mapema, maana mkutano huo kwa kawaida huitwa mara moja tu kila miezi mitatu.