SOMO: NKAMBA NI MBALI, JE, MUNGU NI MBALI?

Masomo: Mwanzo 28:10-22, Kutoka 3:1-6, Yoane 4:19-24



Waamini wengi wa ukando wa ziwa, tangu Uvira mpaka Makobola na Mboko, wanatuuliza: yule asiyefika Nkamba, je, imani yake ni kamili? Swali hili si dogo. Kuna wenye kufikiri kuuza shamba la mihogo ao mtumbwi kusudi wapate tiketi ya ndege ya Kinshasa, halafu tena pesa ya gari kupitia Mbanza-Ngungu. Toka hapa kwetu ni kuvuka inchi nzima.

Nkamba ni kijiji cha Kongo-Central alipozaliwa Papa Simon Kimbangu. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi ya kuponya na kuhubiri, na watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu kwenda kumsikiliza. Serikali ya Wabeleji ikaogopa. Mwezi wa Septemba akakamatwa, tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa, kisha mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Sisi tunaiita Nkamba Yerusalema Mpya. Hekalu lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1981, na mwenye kuingia pale anavua viatu, kama vile Musa alivyoambiwa avue mbele ya kichaka chenye moto.

Lakini tuangalie vizuri. Papa mwenyewe aliishi wapi? Miaka 30 alikuwa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuiona Nkamba tena. Mwili wake ndio uliorudishwa kule mwaka 1960. Tuseme basi kwamba Mungu alibaki Nkamba na kumwacha mtumishi wake peke yake Katanga? Hata kidogo. Na waamini waliohamishwa kwa nguvu mpaka mikoa ya mbali, kanisa liliota kule walikotupwa.

Tuje kwa Yakobo. Yeye hakufika Beteli kwa hija. Alikuwa mkimbizi, anamkimbia ndugu yake Esau, na usiku ukamkuta njiani, akalaza kichwa juu ya jiwe. Alipoamka akashikwa na woga, kwa kuwa Bwana alikuwa pale naye hakujua.

Sisi wa Makobola neno hilo linatugusa. Toka tarehe 30 Desemba 1998 mpaka masiku ya kwanza ya Januari 1999, watu waliuawa hapa kwetu, na Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema walipita 800. Waliopona wengine walipanda milimani, wengine wakavuka ziwa mpaka Kigoma, kwenye kambi za Lugufu na Nyarugusu. Watu walisali chini ya mahema ya plastiki, na maombi yale yalifika.

Mtu akituuliza Mungu alikuwa wapi siku zile, hatuna jibu la mbio, na mhubiri mwenye jibu la mbio tunamwogopa. Tunashika hili: damu ya Abeli ililia toka udongoni, na Mungu akaisikia (Mwanzo 4:10). Udongo ambao Mungu anausikiliza si udongo wa kuchezea. Basi makaburi yale ya pamoja tusiyapite tukicheka, tusifunge mbuzi pale, wala mtu asisogeze jembe lake karibu. Na tukienda kusali pale, tuvue viatu.

Je, tunakataza kwenda Nkamba? Hapana. Mwenye uwezo aende, tutamsindikiza na maombi, na akirudi na maji ya kule tutafurahi. Lakini asiuze shamba la watoto, wala asikope. Na mtu akikuuzia sokoni chupa akisema ni maji ya Nkamba, umwache na chupa yake: neema haina bei. Yule mama Msamaria alitaka Yesu achague kati ya mlima wao na Yerusalema, naye Bwana akamwonyesha Baba anayetafuta wenye kumwabudu katika roho na kweli.

Siku ya yenga ijayo tutasoma Mwanzo 35:1-7. Pale Yakobo anarudi Beteli, safari hii pamoja na nyumba yake yote. Kila darasa litafute: kabla ya kuondoka, ni vitu gani walivyofukia chini ya mti, na sisi tungefukia nini?