Mshahara wa Msingi na Posho: Tuusome Mkataba Kabla ya Kupiga Makofi



Siku hizi za karibuni alifika ofisini mwetu mzee mmoja, mfanyakazi wa shamba kubwa ambalo hatutalitaja jina. Kazi zilipopunguzwa, naye aliachishwa pamoja na wenzake, baada ya miaka 14 ya utumishi. Mkononi alishika bahasha yenye karatasi za malipo yake ya mwisho. Alitueleza kwa upole, “Baba, mimi sikusoma sana, lakini naona nimepunjwa. Fedha hizi si sawa na mshahara niliokuwa nikiupokea.”

Tuliketi naye, tukazipitia karatasi zile mstari kwa mstari. Ilitusikitisha kuona kwamba hesabu haikuwa na kosa. Mwajiri alikuwa amelipa kama sheria inavyodai, na kama mkataba wa hali bora za kazi ulivyosema. Kosa lilikuwa limetendeka miaka mingi nyuma, siku ile wafanyakazi walipotangaziwa nyongeza, wakapiga makofi, wakarudi makwao bila kuuliza nyongeza ile imewekwa wapi. Mzee wetu alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu mwanzo, na kila mwezi alikatwa ada yake. Mkataba wenyewe hakupata kuuona hata siku moja.

Kwa kuwa twajua wengi wa wasomaji wetu wamo katika hali hiyo hiyo, imetupasa leo kulieleza jambo hili kama somo.

MKATABA WA HALI BORA NI NINI?

Mfanyakazi mmoja akisimama peke yake mbele ya mwajiri hana nguvu ya kupatana. Yeye ana njaa ya leo, na mwajiri aweza kungoja hadi kesho. Kwa sababu hiyo wafanyakazi huungana katika chama, na chama hupatana na mwajiri kwa niaba ya wote. Mapatano hayo yakiandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, ndiyo mkataba wa hali bora.

Haki hii ya kuketi mezani haikuanguka kama mvua. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na mgomo huo wa 1947 ukaenea hadi kwa watu wa reli na miji ya bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake.

Leo Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema kwamba chama chenye wanachama walio zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu ya kazi kina haki ya kutambuliwa, na mwajiri ana wajibu wa kujadiliana nacho kwa nia njema. Yamdai pia mwajiri akipe chama habari zinazohitajika kwa majadiliano. Na mkataba ukishatiwa sahihi na chama kilichotambuliwa, huwafunga hata wale wasio wanachama.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mfanyakazi aliyefungwa na mkataba haruhusiwi kugoma juu ya jambo ambalo mkataba huo umekwisha kulipanga. Maana yake ni kwamba siku ya kutia sahihi, wafanyakazi huweka chini silaha yao kubwa kwa habari ya mambo yale. Je, yafaa kuiweka chini pasipo kujua umepewa nini badala yake?

FEDHA ZILE ZILE, MATUNDA MBALIMBALI

Sasa tufike kwenye shida ya mzee wetu. Ili tusitoe siri zake, tutatumia hesabu nyepesi za mfano.

Tuseme mtu ana mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi, naye hufanya kazi siku sita kwa juma, yaani saa 45. Chama kinajadiliana, kinapata nyongeza ya shilingi 52,000. Kuna njia mbili za kuiandika nyongeza hiyo. Njia ya kwanza ni kuiingiza katika mshahara wa msingi, nao ukawa 312,000. Njia ya pili ni kuuacha mshahara wa msingi pale pale, na kuzitaja zile 52,000 kuwa posho, labda ya nyumba au ya usafiri. Mwisho wa mwezi wa kawaida, mfanyakazi hapokei zaidi kwa njia moja kuliko kwa nyingine. Ndiyo maana hupiga makofi.

Lakini tazameni yatokeayo baadaye. Saa za ziada hulipwa kwa kiasi cha mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 260,000, saa moja ya ziada ni kama shilingi 2,000. Kwa mshahara wa 312,000 ni shilingi 2,400. Mtu akifanya saa 20 za ziada katika mwezi, atapata 40,000 kwa njia moja na 48,000 kwa njia nyingine. Kazi ni ile ile, na jasho ni lile lile. Kadhalika, malipo ya kazi ya usiku, ambayo ni nyongeza ya asilimia 5, na malipo ya siku kuu, ambayo ni maradufu, yote hupimwa kwa mshahara wa msingi.

Halafu huja kiinua mgongo. Mwajiri anapomwachisha mtu kazi kwa sababu kama ile ya kupunguza wafanyakazi, sheria yataka alipwe mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi kufikia miaka 10. Kwa mshahara wa 260,000, siku moja ni shilingi 10,000, basi kwa miaka 10 ni 700,000. Kama nyongeza ingaliingia katika msingi, siku moja ingalikuwa 12,000, na jumla ingalikuwa 840,000. Shilingi 140,000 zimepotea, wala hapana mtu aliyeziiba. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala hatusemi kwamba posho ni mbaya. Mtu anayelazimika kupanga nyumba mbali na kwao aihitaji kweli. Nao waajiri wanayo hofu yao, maana mshahara wa msingi ukipanda, mengi hupanda pamoja nao, na kampuni inayofilisika haimlipi mtu yeyote. Hofu hiyo si dhambi. Yaweza kusemwa wazi mezani, vitabu vya hesabu vikafunguliwa, na pande mbili zikagawana: sehemu katika msingi, na sehemu katika posho. Tunalolikataa ni kumpa mtu jina la nyongeza asilolifahamu.

YASIYO FEDHA

Mkataba mwema hautazami mshahara peke yake. Sheria imeweka sakafu: likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 kwa mama aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja, likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika muda wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Hiyo ni sakafu tu, na kazi ya chama ni kujenga juu yake. Mkataba waweza kuongeza siku za kiinua mgongo zipite zile 7, au kuondoa ule mpaka wa miaka 10, ambao ulimfanya mzee wetu apoteze miaka 4 ya utumishi wake kana kwamba hakuifanya kazi. Waweza kugharimia matibabu ya mke na watoto, au maziko ya mfiwa asiye na kitu.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Lazima umwezeshe mfanyakazi kuishi kama binadamu. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliweka pamoja na mshahara mambo haya haya tunayoyataja: matibabu, mapumziko, na riziki ya uzeeni. Basi mtu akiuliza Kanisa laingiliaje habari za posho, na aangalie mezani kwa yule mzee jioni ya leo.

Yafaa pia tuwakumbuke vibarua. Mara nyingi mkataba huwalinda wenye ajira ya kudumu, na vibarua wanaofanya kazi bega kwa bega nao hawatajwi. Ni rahisi kwa viongozi kununua nyongeza ya wengi kwa kuwasahau wachache. Umoja wa namna hiyo hauwezi kuitwa umoja.

TUFANYE NINI?

Kila mwanachama na aombe nakala ya mkataba, aisome. Asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe. Kiongozi wa chama akitangaza nyongeza, aulizwe mara moja: imeingia katika msingi, au ni posho? Itadumu hadi lini? Yawahusu akina nani? Na viongozi wasione maswali hayo kuwa ni dharau. Kabla ya kutia sahihi, na wawakusanye wenzao, wawasomee vifungu vyote kwa lugha wanayoielewa, sio kile cha fedha peke yake.

Yule mzee alizikunja karatasi zake, akazirudisha katika bahasha. Hatukuwa na njia ya kumrudishia kitu. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kwamba mwanawe naye ameajiriwa mwaka huu katika shamba la jirani, na kwamba wametangaziwa nyongeza. Tukamwambia, “Mzee wetu, jioni hii hii mwulize kijana: wameiandika wapi?”