Tuwaenzi watumishi wema bila kuwahonga

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja hapa Mkonze, Dodoma, lilitangazwa jambo: tuchange fedha tumpe zawadi afisa mmoja wa ardhi, kwa kuwa ametufaa sana katika suala la kiwanja cha msikiti. Nilitoa shilingi 10,000 bila kuuliza kitu. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa faili la kiwanja hicho bado liko mezani kwake, na hati haijatoka.

Wiki hiyo hiyo alistaafu muuguzi wa zahanati ambayo wake zetu wengi wamejifungulia. Mama huyu alikuwa akiamshwa usiku wa manane, anakuja na tochi yake mkononi, wala hadai hata nauli. Wanangu wawili walipokelewa na mikono yake. Kwa huyu hakuna aliyetangaza mchango. Nilipomuuliza mzee mmoja wa kamati, alinijibu kwa upole: “Yule mama si mwenzetu, ndugu yangu.” Ni kweli, ni Mkristo, Mgogo wa hapa hapa.

Ndugu zangu Waislamu, nimeyapima mambo haya mawili kwa mafundisho ya dini yetu, nikaona tumeyapindua. Aliyestahiki shukrani tumemnyima, na ambaye bado ana jambo letu mkononi ndiye tunayemwita mgeni rasmi.

Kumuenzi mtumishi mwema si jambo geni. Kila Mei Mosi wafanyakazi bora hupewa vyeti na zawadi, na mwaka 2022 sherehe hizo zilifanyika kitaifa hapa hapa Dodoma. Tarehe 23 Juni Afrika huadhimisha Siku ya Utumishi wa Umma, kutokana na mkutano wa mawaziri wa utumishi uliofanyika Tangier, Morocco, mwaka 1994. Haya ni mazuri. Lakini anayejua vizuri kama muuguzi ana huruma au ana matusi ni yule aliyelala kitandani. Kwa hiyo kazi hii ni yetu pia, wala tusiiachie Serikali peke yake. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa shukrani kwa Allah haitimii kwa mtu asiyejua kuwashukuru watu.

Tumuenzi nani, na kwa namna gani? Sunna inatupa masomo matatu.

Somo la kwanza ni la mfagiaji wa msikiti. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa palikuwa na mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na baadhi ya mapokezi yanasema alikuwa mwanamke. Alipofariki Masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akawalaumu kwa kutomwambia, kisha akaomba aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia. Basi heshima haipimwi kwa ukubwa wa cheo.

Somo la pili ni la Mut'im bin Adiy. Huyu alikuwa mushrik na alikufa katika ushirikina wake. Lakini ndiye aliyempa Mtume (s.a.w.) himaya ya kuingia Makka aliporudi kutoka Taif, na alikuwa miongoni mwa waliosimama kuvunja mkataba wa Maquraish wa kuwasusia Bani Hashim. Baada ya vita vya Badr, Mtume alisema kuwa lau Mut'im angekuwa hai na akawaombea wale mateka, angewaachia kwa ajili yake. Ikiwa wema wa mushrik haukusahauliwa, sisi tunapata wapi hoja ya kumsahau mama aliyewapokea watoto wetu?

Somo la tatu ni zito zaidi. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, hili la Waislamu na hili alilopewa yeye kama zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza: kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama atazawadiwa? Swali hilo linatosha kuwa kipimo. Je, afisa wetu angekuwa fundi baiskeli pale barabarani, tungemchangia? Sheria ya nchi nayo, ile ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, humtia hatiani mtoaji kama inavyomtia mpokeaji.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Zawadi isubiri mpaka mtumishi asiwe na jambo letu lolote mkononi. Itolewe hadharani, na yatajwe matendo yake ya kweli bila kuongeza chumvi, kwani Mtume (s.a.w.) amekemea kusifu kwa kupita kiasi. Akiwa bado kazini, tumwandikie mwajiri wake barua ya pongezi. Barua haimnunui mtu, lakini itamfaa siku ya kupandishwa daraja.

Nimeipelekea kamati maoni haya na kuomba fedha zirudishwe kwa waliochanga. Baadhi wamenijibu kuwa nitawaharibia hati. Sikatai, hofu hiyo hata mimi ninayo. Lakini msikiti uliopata hati kwa njia hiyo, tutamwambia nini Allah ndani yake?

Kwa yule muuguzi nilikwenda na mke wangu, tukabeba sukari na kanga moja. Hata kabla hatujakaa aliuliza: “Yule wa usiku wa mvua hajambo?” Yule wa usiku wa mvua sasa yuko darasa la nne. Mama alikuwa bado anamkumbuka.

Wabillahi tawfiq.