Mizani ya Kahawa: Utawala, Rushwa na Ustawi wa Taifa



Katika somo letu la falsafa ya siasa swali hili hurudi mara kwa mara: kwa nini nchi yenye ardhi nzuri, maziwa na watu wachapakazi ibaki maskini? Jibu la haraka ni kwamba viongozi wanaiba. Jibu hilo si la uongo, ila linaishia njiani. Linatufanya tuhesabu fedha zilizoibwa tu, kumbe hasara kubwa zaidi iko kwenye hesabu anayoipiga mkulima usiku akiwa kitandani. Tuitazame Mbinga, maana huko ndiko tunakokujua, na wengi wetu ada zetu za shule zilitoka kwenye kahawa.

Kahawa ni zao la kusubiri. Mche ukipandwa leo, utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Hapo katikati kuna kupalilia, kupogoa, na kupiga dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani. Ukivuna, unakoboa, unachachusha, unaosha, unaanika kwenye vichanja, halafu unabeba gunia kwenda chamani. Hapo unasubiri tena, kwa sababu mkulima amezoea kulipwa kwa awamu: malipo ya kwanza, kisha ya pili baada ya mnada, na mwaka mzuri hata ya tatu. Mkulima hawezi kulifuata gunia lake hadi mnadani. Kati yake na fedha yake wamesimama karani wa mizani, katibu, mweka hazina na bodi. Mkononi amebaki na stakabadhi tu, na imani.

Imani hiyo imejaribiwa sana. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU, kilichokusanya kahawa na kumkopesha mkulima mbolea na dawa, kisha kukata deni wakati wa malipo. Likaja soko huria, wanunuzi binafsi wakaingia, na katikati ya miaka ya 1990 MBICU ikaelemewa na madeni, ikaanguka. Wazee hukumbuka kipindi hicho kama msiba. Pembejeo za mkopo zilikwisha, mibuni mingi ikaachwa bila dawa, na baadhi ya familia zikateremka kufyeka misitu ya miombo ili zilime mahindi.

Tuwe wakweli: si kila kitu kilitokana na wizi. Mwaka 1989 makubaliano ya nchi zinazozalisha na zinazonunua kahawa kuhusu mgawo wa mauzo yalivunjika, bei ikaporomoka duniani kote. Hakuna katibu wa chama cha msingi aliyesababisha hilo. Lakini bei ikishuka, chama kinachoaminiwa huweza kuwaita wanachama na kuwaambia hali ilivyo, nao wakavumilia. Chama kisichoaminiwa hata kikisema kweli husikika kama kinaficha kitu.

Hapa ndipo yanapoingia magoma. Asiyetoka kwetu huenda halijui neno hili. Mkulima mwenye shida humwendea mwenye fedha wakati kahawa bado iko mtini, akachukua kiasi kidogo, naye akaahidi kulipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei ya kutupa. Serikali imeyapiga marufuku, viongozi wameyakemea, na bado yapo. Je, mkulima huyo ni mjinga? Hapana, hesabu zake ziko sawasawa. Mtoto anatakiwa shule Januari, mavuno ni katikati ya mwaka, na malipo yanaweza kuchelewa au kuja pungufu. Kwake, kidogo cha leo kina uhakika kuliko kingi cha kesho kilichoko mikononi mwa watu asiowaamini.

Mtu anayefikiri hivyo hanunui mbolea wala hapandi mibuni mipya. Mwaka unaofuata anavuna magunia matatu badala ya matano, na taifa linakosa fedha za kigeni za magunia mawili. Magunia hayo hayataonekana katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa sababu hayakuibwa, hayakuwahi kuwepo.

Aristotle alizitofautisha tawala kwa kuuliza zinatawala kwa faida ya nani: ya wote au ya mtawala mwenyewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba sheria huelekezwa kwenye manufaa ya wote. Wamatengo hawakuhitaji kuwasoma hao. Katika kilimo cha ngoro, mashimo hupangwa mlimani ili kila shimo lizuie maji na udongo. Wa juu akiyaacha ya kwake yabomoke, maji hayamharibii yeye peke yake; yanashuka kwa jirani kwa nguvu, kisha kwa jirani wa jirani. Mwenye ofisi ndiye mwenye shamba la juu.

Ukishuka kwa barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 hivi, unakuta hesabu ileile ziwani. Mvuvi huacha samaki wachanga wakue endapo tu anaamini kwamba mwenzake naye atawaacha. Anayesimamia nyavu akipokea kitu kidogo na kufumba macho, mvuvi mwaminifu anajiona mpumbavu. Kesho yake naye anatafuta kokoro.

Sheria hazijapungua. Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996 ilikwisha kutofautisha wanaopokea rushwa kwa sababu kipato hakitoshi na wanaopokea kwa tamaa. TAKUKURU inaongozwa na sheria ya mwaka 2007, ushirika na ya mwaka 2013. Na sisi wa Kanisa tusijitoe. Kwenye harambee ya parokia hutangazwa jina na kiasi, watu wakapiga makofi, na ni nadra mtu kuuliza fedha hiyo imetoka wapi.

Likizo iliyopita tulihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi. Mapato na matumizi yalisomwa haraka, watu wakiangalia saa. Mzee mmoja akasimama na stakabadhi zake ndani ya mfuko wa nailoni, akasema kilo alizopima nyumbani na zilizoandikwa chamani zinatofautiana kila mara, na kila mara zinapungua, haziongezeki. Baadhi walicheka. Mama mmoja nyuma yetu hakucheka. Alifungua khanga yake akatoa za kwake. Wakasimama wengine wawili. Mwenyekiti akaomba muda, mizani ikapimwe na wakala wa vipimo na majibu yaletwe kwenye mkutano mwingine. Tarehe ikaandikwa ubaoni. Sisi tulirudi seminarini kabla haijafika.